Shujaa Mmoja Hatoshi

Nchi inapopatwa na ajali, jambo la kwanza inalolitafuta baada ya kuzika ni shujaa. Hilo si kosa. Watu waliofiwa wanahitaji kujua kwamba siku ile palikuwa na mkono ulionyoshwa kuwasaidia wapendwa wao, na taifa lisilojua kushukuru halistahili kuhudumiwa na watu waaminifu. Hata hivyo, leo imetupasa kuzungumzia upande wa pili wa shukrani, yaani jinsi inavyopokewa. Na hasa jinsi marubani wanavyozipokea sifa wakati mwenzao mmoja anapotukuzwa mbele ya umma. Katika desturi yao hiyo mna fundisho ambalo wananchi wa visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa usalama wa wananchi hao, watafaidika nalo wakilizingatia.

Tunaandika haya kutoka Mwananyamala. Hapa petu, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Kinondoni na Temeke, zipo familia nyingi zenye ndugu ng'ambo ya maji: Unguja, Pemba, Mafia, Ngazija, na hata Ukerewe na Ukara katika Ziwa Viktoria. Kwa watu wa namna hiyo ndege na meli si starehe. Ni njia ya kwenda kuzika, kuoza, kuuguza na kufanya biashara. Ndiyo maana habari ya rubani aliyeokoa watu huzungumzwa sana katika baraza zetu, na ndiyo maana pia tunaona ni haki izungumzwe kwa uangalifu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Ngazija. Tarehe 23 Novemba 1996, mwaka ule ule ambao Tanzania ilikuwa imeomboleza wasafiri wa meli ya MV Bukoba, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aina ya Boeing 767 ilitekwa nyara muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Ndani yake walikuwamo watu 175. Watekaji watatu walimwamuru rubani mkuu, Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta aliyokuwa nayo hayangeweza kuwafikisha huko hata kidogo. Hawakumsadiki. Walikuwa wamesoma katika gazeti la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina hiyo inaweza kuruka kwa saa nyingi, wala hawakutaka kuelewa kwamba uwezo wa ndege ni jambo moja na mafuta yaliyotiwa siku hiyo ni jambo jingine.

Leul Abate hakuwa mgeni wa balaa hilo, kwa kuwa alikwisha kutekwa mara mbili kabla ya hapo. Aliifuata pwani ya Afrika ili ardhi isimpotee machoni. Watekaji walipong'amua na kumlazimisha aelekee baharini, aliigeuza ndege kwa siri kuelekea visiwa vya Komoro, akitumaini kutua katika uwanja wa Hahaya. Mafuta yakaisha. Injini zote mbili zikazimika. Katika dakika za mwisho, watekaji wakiwa wanapambana chumbani mwa marubani, uwanja ukampotea. Rubani msaidizi, Yonas Mekuria, aliyekuwa amepigwa na kufukuzwa chumbani humo, alirudi kukabiliana na watekaji ili mkuu wake apate nafasi ya kuishika ndege. Leul Abate alijaribu kuiteremsha sambamba na mawimbi badala ya kuyakabili, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi ataelewa maana yake. Ubawa wa kushoto ukagusa maji kwanza, ndege ikapasuka vipande mbele ya ufuko wa hoteli ya Le Galawa, upande wa kaskazini wa kisiwa.

Watu 125 walikufa na 50 walinusurika. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mpiga picha mashuhuri Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi yake ya picha aliianzia hapa Dar es Salaam. Marubani wote wawili walipona. Mtalii mmoja aliyekuwa ufukoni aliipiga picha ajali ile, na dunia nzima ikaiona. Leul Abate akatukuzwa kila mahali, akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usalama wa anga, kisha akarudi kazini kuendelea kurusha ndege.

Je, marubani wenzake walisemaje? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Walimheshimu, tena kwa dhati, kwa sababu wao walijua kuliko mtu mwingine yeyote ugumu wa kuitua ndege kubwa isiyo na injini juu ya maji, huku mtu mwenye silaha akipigania usukani. Lakini heshima yao haikuishia katika makofi. Waliuliza maswali. Kwa nini watu wengi kiasi kile walifia ndani ya maji, ilhali wokovu ulikuwa mita mia chache tu kutoka ufukoni? Jibu lililopatikana lilikuwa la kuhuzunisha: abiria wengi walikuwa wamejaza upepo jaketi zao za kujiokolea wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi zile zikawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi na kuifikia njia ya kutokea. Tangu siku hiyo habari ya Ngazija hutumika duniani kote kuwafundisha wahudumu wa ndege, na kila abiria huambiwa: usijaze upepo kabla hujatoka nje.

Hiyo ndiyo namna ya marubani ya kumpongeza mwenzao. Wanamwinulia kofia, kisha wanakaa chini kujifunza. Tendo lake wanaligeuza kuwa somo, ili mtu wa kawaida, asiye na kipaji chochote cha pekee, aweze kesho kufanya lile ambalo jana lilionekana kuwa la ajabu.

Desturi hii haikuanzia Ngazija. Tarehe 19 Julai 1989 huko Marekani, ndege aina ya DC-10 ilipoteza mitambo yake yote ya kuiongoza baada ya injini ya mkiani kupasuka angani. Rubani mkuu Al Haynes na wenzake waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki tu, hadi wakaifikisha katika uwanja wa Sioux City. Ilivunjika na kuwaka moto, lakini kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 waliokoka. Marubani wengine waliingia katika mtambo wa mafunzo unaoiga mwendo wa ndege, wakajaribu kuifanya kazi ile ile. Walishindwa kuitua salama. Hapo wakatambua ukubwa wa jambo lililotendeka.

Na Haynes mwenyewe alijibu nini? Kwa miaka mingi alizunguka akitoa mihadhara, na kila mara alikataa kuitwa shujaa. Alitaja mambo matano yaliyookoa watu siku ile: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Alimtaja Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, ambaye aliingia chumbani kusaidia kuzishika injini. Aliwataja pia watu wa mji ule, ambao mwaka 1987 walikuwa wamefanya zoezi la kupokea ajali ya ndege kubwa. Ni rahisi kuona kazi bure kujiandaa kwa ajali ambayo huenda isingetokea katika mji mdogo kama ule. Miaka miwili baadaye ajali yenyewe ikaja, na kila mtu akajua pa kusimama.

Mfano wa tatu unajulikana zaidi. Tarehe 15 Januari 2009, rubani Chesley Sullenberger aliitua ndege ya Airbus juu ya mto Hudson mjini New York baada ya ndege wa porini kuziharibu injini zote mbili. Watu wote 155 walitoka wakiwa hai. Wakubwa kwa wadogo wakauita muujiza. Lakini Sullenberger hakuchoka kumtaja rubani msaidizi Jeffrey Skiles na wahudumu watatu walioongoza abiria kutoka. Zaidi ya hayo, vivuko vinavyobeba watu kila siku kati ya kingo za mto ule viliifikia ndege katika muda wa dakika nne hivi. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi kali. Vivuko vile vingechelewa nusu saa, leo tungekuwa tukisimulia habari nyingine kabisa.

Wachunguzi waliwaweka marubani katika mtambo wa mafunzo kuona kama ndege ile ingeweza kurudishwa uwanjani. Baadhi ya wale waliogeuza mara tu injini zilipozimika waliweza kufika. Lakini ilipoongezwa nafasi ya sekunde 35, ambayo binadamu anaihitaji ili aelewe lililompata na aamue la kufanya, ndege haikufika. Marubani walifurahi sana kwa jaribio hilo, si kwa sababu lilimpamba mwenzao, bali kwa sababu lilisema kweli juu ya kazi yao: kwamba rubani ni mtu, na mtu anahitaji muda, mafunzo na wenziwe.

Kutokana na mifano hii mitatu, ndugu wasomaji, tunapata mambo mawili. La kwanza ni kwamba marubani hawapendi sifa zirundikwe juu ya kichwa cha mtu mmoja. Tuliolelewa chuoni tulifundishwa mapema kwamba sifa zina Mwenyewe. Kwa hiyo unyenyekevu huo si mgeni kwetu. Lakini kwa marubani si adabu peke yake. Ni suala la usalama. Chumba cha marubani ambamo mkuu anajiona shujaa ni chumba ambamo msaidizi ataogopa kusema, "Mzee, mbona tunashuka mno?" Kazi ya anga imejifunza kwa kumwaga damu kwamba ukubwa usiokosolewa unaua. Ndiyo maana mafunzo ya leo yanamtaka mdogo aseme na mkubwa asikilize.

La pili linatugusa sisi abiria moja kwa moja. Marubani wanajua kwamba ushujaa ulio mkubwa kuliko wote hauonekani. Rubani anayekaribia uwanja akaukuta umefunikwa na wingu, akaamua kurudi alikotoka, huyo ameokoa roho za watu wote waliomo. Je, anapata nini? Anapata matusi. Abiria mmoja analalamika kuwa amekosa harusi, mwingine amekosa kikao, mwingine anauliza kwa sauti kubwa kama rubani huyu alisoma kweli. Hakuna anayempigia makofi, kwa sababu ajali aliyoizuia haikutokea, na isiyotokea haina picha.

Watu wa visiwani wanalijua jambo hili kwa upande wa bahari. Upepo wa kusi unapokaza, nahodha anayesema leo hatung'oi nanga huonekana mwoga au mvivu. Abiria humzonga, wenye mizigo humlalamikia, na pengine mkubwa fulani humpigia simu. Nahodha anayekubali kubeba watu kupita kiasi ndiye anayeitwa muungwana, kwa kuwa hakumwacha mtu gatini. Tumekwisha kuona mwisho wa uungwana wa namna hiyo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, kabla ya mwaka kutimia, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe wakati bahari imechafuka. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, nacho kikiwa kimejaza mno, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, kikaua watu zaidi ya 220. Katika misiba yote hiyo tulihesabu mashujaa waliovua watu majini, nao wanastahili shukrani. Lakini shujaa tuliyemhitaji zaidi ni yule ambaye angesimama mlangoni na kusema, "Imetosha, chombo kimejaa."

Sasa tuje kwenye ajali ambayo bado haijatoka mioyoni mwa Watanzania. Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyoondoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Walikuwamo watu 43, abiria 39 na wafanyakazi wa ndege 4. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walikufa, na kati yao ni marubani wote wawili. Wavuvi waliokuwa karibu walikimbilia eneo hilo kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima. Alizawadiwa shilingi 1,000,000, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tuliunga mkono uamuzi ule, na tunauunga mkono hata leo. Kijana wa kijijini aliyekwenda kwenye hatari bila kuitwa, akiwa na mtumbwi na kasia, amefanya lililo jema. Kumpa kazi ya kuokoa watu kulikuwa na maana kuliko kumpa fedha peke yake, kwa sababu ni kumwambia: moyo unao, sasa chukua na ujuzi.

Lakini haukupita muda, umma ukaanza mabishano. Ikaelezwa kwamba wahudumu wa ndege na abiria nao walishughulika kuufungua mlango kutoka ndani. Mara baadhi ya watu wakageuka: jana walimbeba kijana yule mabegani, leo wanamhoji kama mshitakiwa. Wengine wakawatetea wahudumu kana kwamba kumsifu mmoja ni kumnyang'anya mwingine. Tulisikitishwa na mabishano hayo. Hayo ndiyo matokeo ya desturi ya kutafuta shujaa mmoja tu. Tukishaamua kwamba nafasi ni ya mtu mmoja, kila ukweli mpya unaotokea hugeuka kuwa ugomvi.

Marubani wasingebishana hivyo. Wangesema kwamba mlango wa ndege iliyo majini una upande wa ndani na upande wa nje, na watu wanapona pale penye kazi katika pande zote mbili. Mhudumu aliyefunzwa kufungua, abiria aliyetulia akasaidia, mvuvi aliyeleta mtumbwi, mwananchi aliyevuta kamba, mganga aliyepokea majeruhi: wote hao ni mnyororo mmoja. Kisha wangeuliza maswali yao ya siku zote. Boti ya uokoaji ilikuwa wapi? Ilichukua muda gani kufika? Ilikuwa na mafuta? Wazamiaji walikuwa na hewa ya kutosha? Nani alikuwa na mamlaka ya kuamua hapo ziwani, na wavuvi walipewa maelekezo gani? Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyotoka baadaye katika mwezi ule ule wa Novemba, iligusia kuchelewa kwa uokoaji na upungufu wa vifaa. Kwa maoni yetu, taarifa hiyo ilistahili kuzungumzwa katika baraza zetu kwa bidii ile ile tuliyoitumia kubishana juu ya shujaa.

Tuseme wazi, kwa kuwa kusema wazi ni wajibu wa mwanachama mwaminifu. Mvuvi asiye na mafunzo wala kifaa anapokuwa tegemeo la kwanza la ndege iliyoanguka karibu na uwanja, sifa anazostahili yeye ni swali kwa sisi wengine. Sifa zisitumike kama mkeka wa kufunikia shimo. Kiongozi anayemkumbatia shujaa mbele ya umati, kisha akarudi ofisini bila kuuliza bei ya boti na pipa la mafuta, hajamheshimu shujaa huyo. Amemtumia tu.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililoanzishwa kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kanuni za shirika hilo zinataka viwanja vifanye zoezi kamili la dharura katika vipindi vilivyowekwa, na zinataka mpango wa dharura wa uwanja ulio karibu na maji uzingatie uokoaji wa majini. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine isitokee, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Hayo yote yamekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni kuyatekeleza, na utekelezaji ndio unaopima kazi ya mtumishi wa umma.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, kila uwanja wa ndege ulio kando ya ziwa au bahari, na kila kisiwa kinachopokea ndege na meli za abiria, kiwe na boti ya uokoaji iliyo karibu, yenye mafuta, nahodha, na wazamiaji waliokamilika kwa vifaa. Boti iliyoandikwa katika orodha ya mali lakini imelala juu ya mawe bila injini isihesabiwe. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Polisi Wanamaji wakae meza moja waamue nani anafanya nini, ili siku ya msiba wasikutane majini wakiulizana vyeo.

Pili, wavuvi waandikishwe na wafunzwe kabla ya ajali. Watu hawa ndio wanaokuwa majini alfajiri na usiku. Hakuna kikosi chochote cha Serikali kitakachoweza kuwapo kila mahali kama wao. Kila mwalo na kila diko liwe na kikundi kidogo kilichofundishwa namna ya kuikaribia ndege au chombo kilichozama, namna ya kupokea maelekezo, na namna ya kumhudumia mtu aliyekunywa maji. Wapewe kamba, maboya na taa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya mazishi. Viongozi wa Chama katika mashina na matawi ya mwambao wanaweza kuanza na hilo la kuandikisha majina bila kusubiri fungu lolote.

Tatu, mazoezi yafanyike kweli, na wananchi waalikwe kuyaona. Wasifanye mzaha watakapoona watu wazima wamelala chini wakijifanya majeruhi. Faida ya zoezi la Sioux City la mwaka 1987 ilionekana mwaka 1989. Hospitali za mikoa, ikiwa ni pamoja na yetu ya hapa Mwananyamala, zishirikishwe katika mazoezi hayo, kwani majeruhi wa majini haishii ufukoni.

Nne, rubani au nahodha anayekataa kusafiri kwa sababu ya usalama alindwe. Asipigiwe simu na mtu yeyote, awe mfanyabiashara au mkubwa wa Serikali. Tena tungependa kuona siku moja katika sherehe zetu za kitaifa, pamoja na wale waliovua watu majini, anaitwa jukwaani nahodha aliyekataa kung'oa nanga, na rubani aliyeirudisha ndege Mwanza kwa sababu Bukoba haikuonekana. Hapo tutakuwa tumeanza kuelewa marubani wanachokithamini.

Tano ni letu sisi abiria. Tusikilize maelekezo ya wahudumu. Wengi wetu, mhudumu anaposimama kuonyesha jaketi, ndipo tunapofungua simu au kufumba macho, kana kwamba maneno yale ni ya wageni. Waliokufa Ngazija wakiwa wamefungwa na jaketi zao wametuachia wasia. Ndege inayovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Pemba au Mafia inapita juu ya bahari ile ile. Na mashirika nayo yahakikishe kwamba maelekezo hayo yanatolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, taratibu, bila kuyakimbiza kama mtu anayesoma orodha ya bei.

Hatusemi haya kwa kupunguza heshima ya mtu yeyote. Leul Abate na Yonas Mekuria wanastahili kukumbukwa na kila anayeishi katika mwambao huu. Marubani wawili waliofia Bukoba wakiwa kazini wanastahili dua zetu, na wavuvi wa Bukoba wanastahili shukrani za taifa zima. Lakini mtu akitaka kumshukuru rubani kwa lugha anayoielewa rubani, na aulize: umejifunza nini ambacho sisi hatujui, na unahitaji nini ambacho hatujakupa? Swali hilo likijibiwa na kutekelezwa, thamani yake itapita nishani yoyote.

Miaka imepita tangu 2022, na msimu wa upepo huja na kurudi. Mtumishi wa Serikali anayesoma ukurasa huu, na ambaye ofisi yake inahusika na uwanja, bandari au mwalo, tunamwomba afanye jambo moja leo kabla ya jua kuzama: aende akaitazame boti yake ya uokoaji, aiwashe, na apime mafuta yaliyomo. Asitosheke na taarifa ya mezani. Na mwananchi wa kisiwani naye, safari ijayo nahodha au rubani atakaposema hatuondoki leo, ashuke, abebe mzigo wake, na amwambie ahsante.